Usipeleke Dhahabu Ashuru kwa Kumwogopa Ndugu Yako

Ndugu zangu wa Juba, mliozaliwa hapa na mliorudi kutoka Kakuma, Adjumani, Khartoum na Nairobi, nanyi wageni wetu mnaotafuta riziki Konyokonyo na Jebel: fungueni Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 16, msome habari za Ahazi.

Alikuwa kijana wa miaka 20 alipokalia kiti cha enzi cha Yuda. Wafalme wawili wakamjia juu, Resini wa Shamu na Peka wa Israeli. Sasa huyu Peka hakuwa mgeni. Israeli na Yuda walikuwa ukoo mmoja, waliachana kwa ugomvi wa nyumbani, ugomvi wa mzigo wa kodi na kiburi cha vijana wa ikulu, siku za Rehoboamu. Ahazi alipoona jeshi la ndugu yake linakaribia, hakumtafuta ndugu huyo, wala hakuwakusanya wazee. Alituma wajumbe mbali, kwa Tiglath-pileseri mfalme wa Ashuru, akajinyenyekeza mbele yake kama mtumwa na mtoto. Kisha akaingia katika nyumba ya Bwana, akachota fedha na dhahabu iliyowekwa humo, akaongeza na hazina ya ikulu, akapeleka yote Ashuru.

Ashuru ikaja, na Dameski ikaanguka. Ahazi akapona mwaka ule. Lakini Mambo ya Nyakati, kitabu cha pili, sura ya 28, inaeleza gharama yake: yule mfalme aliyelipwa ili asaidie alimletea Ahazi dhiki, hakumtia nguvu. Na Ahazi aliporudi kutoka Dameski alikokwenda kumlaki bwana wake mpya, alileta mchoro wa madhabahu ya kigeni, akamwamuru kuhani Uria aijenge Yerusalemu. Mtu uliyemwita akuokoe na ndugu yako, ipo siku atakuchagulia hata mahali pa kusalia.

Leo nahubiri juu ya mambo ya nje. Najua wapo watakaosema kuwa hayo ni ya mabalozi na mawaziri, na kwamba mimbari ikae na dhambi za watu wa kawaida. Ninakataa. Sera yetu ya nje haiandikwi katika ofisi zenye bendera. Inaandikwa usiku, na mkono unaoiandika ni hofu: hofu ya mkubwa mmoja kwa mkubwa mwenzake, hofu ya kambi hii kwa kambi ile. Kila mlango tuliobisha huko nje tangu 2011, tuliubisha tukitazama nyuma kuona kama ndugu yetu anatufuata. Hiyo ni dhambi, na mshahara wake unaulipa wewe sokoni.

Tazameni Machi 2025. Huko Nasir, katika Upper Nile, wapiganaji wa Jeshi Jeupe, kundi la vijana wenye silaha, waliiteka kambi ya jeshi la serikali. Siku chache baadaye helikopta ya Umoja wa Mataifa iliyokwenda kuwaokoa askari ikashambuliwa kwa risasi, akafa Jenerali Majur Dak na wengine pamoja naye. Huo ulikuwa msiba wetu, wa ndani, wa watu wanaojuana kwa majina ya babu zao. Na kabla machozi hayajakauka, askari wa Uganda walikuwa tayari ndani ya Juba. Wewe na mimi tulijuaje? Mkuu wa majeshi ya Uganda, Jenerali Muhoozi Kainerugaba, aliandika mtandaoni kwamba vikosi vyake maalumu vimeingia mji wetu mkuu kuulinda. Msemaji wa serikali yetu akakana. Baada ya siku kadhaa ikakubaliwa kuwa ndiyo, wapo. Mwananchi wa Juba akasikia habari za mlango wa nyumba yake kutoka kwa jirani!

Haikuwa mara ya kwanza. Desemba 2013, risasi zilipoanza hapa Juba tarehe 15, majeshi ya Uganda yaliingia ndani ya siku chache, yakakaa hadi mwishoni mwa 2015. Sitasema kwamba hawakuokoa maisha ya mtu, wapo wanaowashukuru hadi leo. Nasema hivi: Januari 2014 wabunge wa Kampala walikaa kulijadili jeshi lao kuwako Juba, na Machi 2025 wakakaa tena. Walichelewa, askari walikuwa wameshavuka mpaka, lakini angalau swali lilifika mezani. Je, wewe unaukumbuka mjadala wa bunge letu juu ya kuwapokea? Unamjua mbunge wako aliyesimama akauliza watakaa muda gani, kwa gharama ya nani, chini ya amri ya nani?

Wala msidhani jirani huja kwa huruma tupu. Uganda nayo ina siasa zake: ina wafanyabiashara wanaotuuzia unga, nyanya na saruji ya kujengea Gudele yote, ina kumbukumbu ya vita vya Kony, ina rais anayependa kuonekana mlinzi wa eneo hili. Kila nchi hutoka nje ikiwa imebeba mahitaji ya nyumbani kwake. Wao walibeba mahitaji ya soko lao na usalama wao. Sisi tulibeba hofu. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Hapa kwetu majirani wamejifunza kuvuna ugomvi wenyewe ukiwa bado mbichi.

Lakini nisiwanyoshee kidole wakubwa peke yao. Kumbukeni 2012. Nchi ilikuwa haijatimiza hata mwaka. Mafuta yetu, kama mapipa 350,000 kwa siku, yalipita katika bomba la Sudan kwenda Port Sudan, na karibu asilimia 98 ya mapato ya serikali yalitoka humo. Khartoum ilidai ada iliyofika dola 36 kwa pipa. Sisi tukasema hata dola moja ni nyingi. Khartoum ikaanza kujichukulia mafuta yetu bandarini. Ule ulikuwa wizi, nami siutetei. Januari 2012 Juba ikafunga visima vyote. Aprili jeshi letu likaingia Panthou, mahali wenzetu wanapopaita Heglig. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, akapiga simu kumtaka Rais Kiir aondoe askari. Rais akaliambia bunge kwamba amemjibu kuwa hayuko chini ya amri yake, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mitaani watu walishangilia. Nani asingeshangilia? Tulikuwa tumeonewa miaka mingi, na kwa mara ya kwanza mtu wetu alimjibu mkubwa wa dunia kama mtu na mtu.

Ndani ya siku kumi Panthou iliachwa. Tarehe 2 Mei Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2046, likatutaka sisi na Sudan turudi mezani. Na kesho yake, tarehe 3 Mei, Rais alitia saini barua kwa viongozi na waliokuwa viongozi wapatao 75, akiwaambia kwamba dola bilioni 4 za umma hazionekani, na kuwasihi wazirudishe.

Simameni hapo, ndugu zangu, msipite haraka. Wiki zile zile ambazo taifa zima lilikuwa barabarani likimlaani mwizi wa Khartoum, ndani ya nyumba yetu kulikuwa na shimo la dola bilioni 4. Septemba mwaka huo, Addis Ababa, tulikubali kulipa ada za bomba na juu yake dola bilioni 3 na milioni 28 za kuifidia Sudan. Haya, zipimeni hesabu hizo mbili. Fedha tulizoambiwa zimeliwa na wetu zinazidi fidia yote tuliyompa adui tuliyemwendea vitani. Kelele za Panthou zilizima swali la ndani. Ndivyo siasa inavyofanya kazi katika nchi changa isiyo na desturi ya kuulizana: mtawala anayebanwa nyumbani hutafuta adui nje ya mpaka, na umati unaompigia makofi husahau ulikuja kuuliza nini. Ewe kijana uliyekuwa ukicheza ngoma barabarani siku ile, makofi yako yalikuwa kura, na ulimpa mtu bure.

Mafuta yalirudi kutiririka Aprili 2013, mwaka na zaidi baadaye. Mfuko ulikuwa umekauka, na wakubwa waliozoea kugawiwa walikuwa na njaa na hasira. Julai 2013 Rais alimfukuza makamu wake Riek Machar na baraza zima la mawaziri. Desemba tukauana. Mimi nauona uzi mmoja kutoka kisima kilichofungwa hadi kaburi lililofunguliwa, na sitaacha kuusema hadi nife. Mwaka 2018 watafiti wa London walikadiria kwamba vita vile vilileta vifo karibu 383,000. Zaidi ya milioni 2 ya watu wetu bado ni wakimbizi katika nchi za majirani, na kila kiongozi wetu anapokwenda Kampala, Addis au Nairobi kuomba jambo lolote, wale wakimbizi wameshafika mbele yake. Wao ndio barua yetu ya utambulisho.

Lipo jingine linaloniuma. Tulipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tulikuwa na furaha ya kweli. Wakuu walitukubali Arusha Machi 2016, na Aprili Rais wetu akatia saini mkataba Dar es Salaam, Magufuli akiwa kando yake. Ilikuwa nafasi ya kupata bandari nyingine, soko jingine, mahakama nyingine ya kukimbilia. Julai mwaka uleule mizinga ililia J1, ndani ya ua wa ikulu, na Machar, makamu wa Rais tena, akatembea kwa miguu hadi Kongo. Nani angeweka mtaji wake hapo? Toka siku ile Jumuiya inatuona kama mgonjwa wa kuhurumiwa. Tumekaa mezani miaka yote hii, lakini neno letu ni jepesi.

Na hiyo meza tunaikaliaje? Tangu uhuru wizara ya mambo ya nje imepita mikononi mwa Nhial Deng Nhial, Barnaba Marial Benjamin, Deng Alor, tena Nhial Deng, Awut Deng Acuil, Beatrice Khamisa Wani, Mayiik Ayii Deng, James Pitia Morgan, Ramadan Goc, Monday Semaya Kumba. Sina neno juu ya watu hao mmoja mmoja. Wengine wao ni hodari. Lakini ni mkataba gani unaoweza kufuatiliwa na waziri asiyejua kama ataamka na ofisi? Viti vyetu hugawanywa ili kutuliza kambi. Mapatano ya 2018 yalitupa makamu wa rais watano, mawaziri 35 na bunge la watu 550, na kila kiti kiliandikwa jina la kundi kabla ya kuandikwa kazi yake. Waziri anayetokana na mgawo wa namna hiyo akienda nje anamwakilisha nani? Mwenyeji wake anajua jibu. Ndiyo maana siku hizi wageni wakubwa humpita waziri wakaenda moja kwa moja kwa mjumbe maalumu wa ikulu.

Mnaikumbuka tarehe 11 Aprili 2019? Huko Vatikani, Papa Francis, mzee mwenye maumivu ya miguu, alipiga magoti akabusu viatu vya viongozi wetu mmoja baada ya mwingine, akiwasihi wabaki katika amani. Dunia nzima ililia. Siku ileile, Khartoum, jeshi lilimpindua Omar al-Bashir, aliyekuwa mmoja wa wadhamini wawili wa mapatano yetu pamoja na Museveni. Kwa nini Bashir alitupatanisha 2018? Kwa sababu uchumi wake ulikuwa unazama, naye alihitaji mafuta yetu yapite tena. Tulipewa amani na siasa za ndani za jirani, na siasa hizo hizo zilimwondoa mdhamini kabla serikali ya umoja haijaundwa. Angalia mkono wa binadamu ulivyo mwepesi! Mpatanishi wa kigeni hudumu kwa kadiri ya shida zake mwenyewe. Oktoba 2020 sisi wenyewe tukawa wapatanishi: Wasudani walikuja hapa Juba, wakatia saini amani yao mbele yetu, tukajivuna. Aprili 2023 wakaanza kuuana upya, na Februari 2024 bomba likapasuka katikati ya vita vyao, sehemu kubwa ya mapato yetu ikakatika.

Hapa ndipo mambo ya nje yanapoingia jikoni kwa mama. Nenda Konyokonyo asubuhi. Nyanya zile zilizopangwa mafungu juu ya gunia zimetoka Uganda kwa barabara ya Nimule, kilomita 192 za lami iliyojengwa kwa fedha za Marekani. Bomba lilipokufa, serikali ilitafuta fedha pa kuzipata haraka, ikaweka ada mpya kwa mizigo inayoingia. Malori ya mafuta yakakwama mpakani, hata Umoja wa Mataifa ukasitisha kudondosha chakula kwa ndege kwa kukosa mafuta, hadi serikali ilipolegeza. Pauni ikaanguka. Mwalimu na askari wakakaa miezi mingi bila mshahara. Mama muuza nyanya hajui azimio la Baraza la Usalama hata moja, lakini anajua fungu lililokuwa la nyanya sita sasa lina tatu, na mteja wake ni mwalimu yule yule asiyelipwa. Nani alimwambia kwamba kutokuwa na bomba jingine lisilopita Sudan, miaka yote hii, kulitokana na sisi kushindwa kukaa kitako na Kenya hata mradi wa LAPSSET wa bandari, barabara na bomba, uliozinduliwa Lamu Machi 2012 Rais wetu akiwapo, ukatufikia?

Aprili 2025 tuliona aibu mpya. Marekani ilitaka kumrudisha mtu mmoja. Uwanja wa ndege wa Juba ukamkataa, serikali ikisema ni Mkongo mwenye hati za mwingine. Pengine ilikuwa kweli. Tarehe 5, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, akatangaza kufuta viza zote za wenye pasipoti ya Sudan Kusini. Zote! Siku hiyohiyo kijana wetu Khaman Maluach, aliyekulia Uganda, alikuwa uwanjani San Antonio akiichezea Duke katika nusu fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo vya Marekani. Huyu ni mmoja wa vijana waliokwenda Olimpiki ya Paris 2024, wakapigiwa wimbo wa taifa usio wao, wakasimama kwa utulivu mkono kifuani mpaka wimbo wao ulipopatikana, kisha wakaishinda Puerto Rico 90 kwa 79. Timu ile ilitupatia heshima ambayo balozi zetu zote hazijatupatia. Na wachezaji wake walitoka makabila mbalimbali. Hakuna aliyeuliza kambi.

Tarehe 8 Aprili serikali ikalegea ikampokea yule mtu. Julai tukapokea wanane kwa ndege moja kutoka Djibouti, na kati yao ni mmoja tu aliyekuwa wa hapa. Wengine walikuwa wa Asia na wa Amerika ya Kilatini. Sasa niwaulize. Kuwapokea wafungwa wa nchi nyingine ni jambo la taifa zima. Tuliahidiwa nini? Nani alikaa akaamua? Ilikuwa ni wakati ambapo Machar yuko kizuizini nyumbani kwake, na Septemba akashtakiwa kwa uhaini na mauaji, kesi ikafunguliwa Freedom Hall. Mimi si hakimu, kesi iachwe kwa mahakama. Lakini serikali inayohitaji dunia inyamaze juu ya kesi ya nyumbani haiwezi kuukaza mkono wake katika jambo lolote lingine. Ahazi hakuwa na nguvu ya kupatana bei, kwa kuwa Ashuru ilijua anamwogopa nani.

Hayo si yetu peke yetu. Wakenya walimchagua Uhuru Kenyatta na William Ruto Machi 2013, wote wawili wakiwa na kesi The Hague, na mwaka ule wote diplomasia ya nchi kubwa vile ikageuka wakili. Waliitisha kikao cha Umoja wa Afrika Addis Ababa mwezi Oktoba. Novemba wakaomba Baraza la Usalama liahirishe kesi, wakapata kura 7 na wanane wakajizuia, ikashindikana. Nguvu ya taifa ilitumika kwa shauri la watu wawili.

Msinisikie vibaya. Sisemi siasa za ndani zikae mbali na mambo ya nje. Katika nchi ya watu huru lazima ziingie, na zikiingia kwa mlango wa mbele huleta heshima. Januari 2011 tulipanga foleni tangu usiku, wazee wakabebwa, vipofu wakashikwa mkono, asilimia 98.83 wakachagua kutengana, na dunia yote, Khartoum ikiwamo, ikapiga magoti mbele ya kura yetu. Hiyo ndiyo sera ya nje yenye nguvu kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, na hakuna mjumbe maalumu aliyeiandika. Tazameni pia Tanganyika na Zanzibar zilipoungana 1964. Zanzibar ilikuwa imeshaitambua Ujerumani ya Mashariki. Ujerumani ya Magharibi ikamtisha Nyerere na kuondoa msaada wa kijeshi. Alijua akiwakana Wazanzibari Muungano utavunjika. Akaulinda Muungano, akawaambia Wajerumani wachukue na msaada uliobaki. Desemba 1965, kwa ajili ya Rhodesia, akavunja uhusiano na Uingereza na kupoteza mkopo wa pauni milioni 7.5, na alisimama bungeni kueleza kwa nini. Mambo ya nyumbani yalimwongoza, naam, lakini aliyafanya mchana, mbele ya watu, na kwa ajili ya kuwashika ndugu pamoja. Watanzania maskini wa siku zile walilala na njaa wakiwa wanajua sababu.

Tufanye nini basi? Rudini kwenye sura ile ile ya 28. Vita vya Peka na Ahazi viliacha mateka wengi wa Yuda mikononi mwa Israeli. Nabii mmoja aitwaye Odedi, asiye na cheo, alitoka kulilaki jeshi lililokuwa likirudi Samaria na ushindi, akalisimamisha barabarani, akawaambia kwamba hao ni ndugu zenu, warudisheni. Na baadhi ya wakuu wa Efraimu wakasimama upande wa nabii dhidi ya jeshi lao wenyewe. Wakawavika mateka waliokuwa uchi, wakawapa viatu, wakawalisha, wakawapaka mafuta, wakawapandisha dhaifu juu ya punda, wakawafikisha Yeriko kwa ndugu zao. Hakuna mpatanishi wa kigeni aliyehudhuria, wala posho ya kikao iliyolipwa. Ahazi angeweza kuanzia hapo. Dhahabu ya hekalu ingebaki mahali pake.

Maaskofu na masheikh wa mji huu, wachungaji wa Gumbo na Munuki, kazi ya Odedi ni yenu. Mnaalikwa kubariki kila mkataba unapotiwa saini. Basi kataeni kubariki msichosoma. Enyi wabunge, Katiba ya Mpito ya 2011 inasema sera yetu ya nje itaendeshwa kwa uhuru na uwazi. Leteni mezani kila mapatano ya kuleta majeshi ya kigeni, kila mkopo uliodhaminiwa kwa mafuta ambayo hayajachimbwa, kila ahadi ya kupokea wafungwa wa wenyewe. Mwezi Julai 2024 mliweza: mliridhia mkataba wa maji ya Mto Nile, na kwa kura yenu ukapata nguvu ya kuanza kazi mwezi Oktoba, wakati Misri haikupendezwa. Mto mrefu hivyo ulisikia sauti yenu. Msiniambie hamna uwezo.

Na wewe uliyesoma hadi hapa: nchi hii haijapiga kura ya kuchagua viongozi tangu Aprili 2010, kabla hata ya bendera hii kupandishwa. Uchaguzi ulipangwa 2015, ukasogezwa, ukasogezwa tena, na tarehe tuliyopewa ni 22 Desemba 2026. Usikubali isogezwe kimyakimya. Atakapokuja mgombea mtaani kwako, awe wa kabila lako au wa jirani, usimwulize ataleta kisima au fulana ngapi. Mwulize amekaa na nani kati ya mahasimu wake, hapa hapa Juba, bila mgeni kuwaita. Mwulize mkopo gani atauchapisha, na majeshi gani ya kigeni atayaleta au kuyaondoa, na kwa kura ya bunge lipi. Akishindwa kujibu mbele ya majirani zako, mnyime kura yako.